Ngome ya Nta

Treni ya kutoka Mwanza imechelewa saa nne,
na ofisi ya vifurushi, stesheni ya Tabora,
ina mimi, mzani, madumu kumi na moja ya asali ya kwenda Dodoma,
na ubao wa sataranji juu ya kreti tupu.

Kete moja ilipotea Isevya, mvua ile iliyoingia mpaka ndani.
Ngome nyeusi. Mahali pake nimefinyanga donge la nta
nililokwangua mdomoni mwa dumu (msinishtaki kwa Mzee Ntobi).
Mwezi huu wa kumi, mchana, donge huinama kama mlevi;
usiku husimama wima na kunukia miombo.

Abiria huchungulia: karani, unacheza na nani?
Nacheza na Jumamosi moja ya Juni.

Nyuma ya daftari la mizigo nimeuandika mchezo wote kwa penseli.
Raundi ya tano, ukumbi wa chuo,
feni moja inazunguka, ya pili inaitazama.
Mpinzani: Nyamizi Kapela, kidato cha tatu, kutoka Urambo,
sweta la shule begani, anamenya karanga chini ya meza.
Haangalii uso wangu. Anaangalia mikono.

Hadi hatua ya ishirini na tatu nilikuwa juu.
Farasi wangu h6. Malkia wangu c4,
mshazari mzima mbele yake hauna mtu.
Mfalme wake pembeni, h8, amejibanza
nyuma ya askari wawili kama mdaiwa nyuma ya pazia.
Nikafikiri dakika kumi na mbili.
Nikamrudisha farasi g4. Salama.

Salama! Neno hilo nililipia hatua kumi na nane,
mpaka nikamlaza mfalme wangu ubavu, nikampa binti mkono,
naye akanitilia karanga kiganjani.

Miezi minne nimekaa na picha ile.
Fumbo halisemi. Hukutazama tu,
kama ng'ombe aliyelala relini.

Si kwamba sikumwona malkia akienda g8.
Nilimwona. Niliiona na ngome ikimla,
na hapo nikaacha kutazama, kama msoma barua
aliyefika kwenye "tunasikitika" asigeuze ukurasa.
Nimelelewa na sabuni ya kukatwa kwa uzi.
Kwetu Ipuli hata njiti za kiberiti zilikuwa na hesabu.
Kutoa ni moyo, tuliandika darasani kwa mwandiko mzuri,
halafu tukarudi nyumbani kuhesabu.

Saa saba kasoro. Nje wanapanga mabehewa,
haya ya Kigoma, haya ya Mpanda, vyuma vinagongana.
Behewa moja limeziba dirisha langu tangu jioni.
Likavutwa,
na taa ya injini iliyokuwa nyuma yake muda wote
ikaingia nzima, ikalala ubaoni,
na kivuli cha ngome ya nta
kikamwangukia mfalme wake mwenyewe.

Kumbe.
Malkia g8, shaha. Mfalme hawezi kumla, farasi anamlinda.
Basi ngome lazima ile. Inakula, inasogea, inajaa
palepale palipokuwa na mlango wa mwisho wa bwana wake.
Farasi f7.
Mfalme hana wa kumlaumu. Amekosa pumzi katikati ya watu wake.

Nikairudia mara tatu. Ya nne nikacheka peke yangu,
mlinzi Lugoye akaja na tochi.
Nikamwonyesha. Akatazama sana, akauliza,
"Sasa malkia si umempoteza?"
Nimempoteza, nikasema, kwa raha kama ya mtu aliyelipwa.
"Mh," akasema Lugoye. "Na treni?"

Treni bado.
Nimefungua ukurasa wa raundi ya sita, nilipofungwa vibaya zaidi,
na kitu cha kwanza nilichotafuta ni cha kutoa.
Nimemtoa malkia.
Ameliwa bure.
Namrudisha mahali pake. Vidole vinanata,
vinanukia asali ya watu.